Maisha Yasiyojua Uchungu: Tuwaambie Nini Watoto Wetu?

(Hotuba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tangu kambi hii ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, watoto wengi wamezaliwa humu. Hawakuvuka Ziwa Tanganyika usiku, wala hawakusikia bunduki za Fizi na Uvira. Wazazi wengine hutuambia: "Walimu, msiwaeleze mambo hayo. Waacheni wakue bila kujua ubaya." Neno hilo linatoka katika upendo, nasi hatulidharau. Leo tunaomba tulipime pamoja.

Tufikirie basi maisha ya mtu asiyeteseka, asiyejuta, asiyejua ubaya. Vitabu vya dini vinatueleza habari za bustani ya mwanzo, alimokaa Adamu na mkewe kabla ya kula tunda. Nani kati yetu asiyetamani kuishi hivyo? Pasiwe na foleni ya posho, wala makaburi tuliyoyaacha ng'ambo.

Lakini tuangalie mwili wetu. Ugonjwa wa ukoma hushambulia mishipa ya fahamu. Mgonjwa asiyetibiwa mapema hupoteza hisia mikononi na miguuni. Hushika sufuria ya moto asishtuke, hukanyaga mwiba akaendelea na safari. Kidonda hakiumi, kwa hiyo hakitunzwi, na mwishowe vidole huharibika. Kumbe maumivu ni mlinzi wa mwili.

Majuto nayo ni mlinzi wa ujirani. Dhamiri inapotuchoma, ndipo tunapokwenda kwa jirani kuomba radhi. Anayetaka watu wafanye ubaya huanza kwa kuua hisia hiyo. Mwaka 1994, huko Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Nani anajuta akiua mende?

Ndugu zetu, hatusemi mateso ni mema. Yamewavunja wengi wetu, na aliyevunjika anahitaji msaada, hahitaji mahubiri. Tunachosema ni hiki: kutojua si ngao. Mtoto asiyeambiwa na mama yake ataambiwa bombani, na huenda atakayemwambia ni mtu mwenye kisasi.

Kwa hiyo sisi walimu tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto aelezwe kwa kadiri ya umri wake, na akiuliza asifukuzwe. Pili, litajwe tendo na aliyelitenda, lisihukumiwe kabila zima. Tatu, watajwe pia waliotenda wema: mvuvi aliyevusha watu bila kudai nauli, jirani wa kabila jingine aliyeficha familia chini ya kitanda chake. Mtoto akijua ubaya peke yake ataogopa watu wote. Akijua na wema, atajua kwamba hata siku ile mtu aliweza kuchagua.

Wazee, ninyi ndio mnaokumbuka. Tunawakaribisha shuleni mtusaidie kazi hii, maana kitabu cha habari zetu hatuna.

Bustani isiyo na ubaya hatuwezi kuwarithisha watoto wetu. Tuwarithishe moyo unaoumia mwenzao anapoumizwa.