Bwana naye apimwe

Maneno ya mukutano wa memba, Manika, Kolwezi



Mama mumoja kati yetu alirudishwa kwa wazazi wake. Miaka sita ya ndoa, mutoto hakuna. Familia ya bwana ikasema ni tasa. Yeye alipimwa mara tatu, eko muzima. Bwana hakupimwa hata siku moja. Nilipomufikia akanijibu: «Mimi niko mwanaume, nguvu ninayo.» Nguvu anayo, kweli. Lakini nguvu na mbegu ni vitu viwili. (Ameniruhusu kusema haya, jina hapana.)

Tulipoongea sana akakubali: zamani, kwenye machimbo, alishikwa na kisonono, ile tunaita sopisi. Alinunua vidonge vinne barabarani, maumivu yakaisha, basi. Njo pale shida ilianzia. Vijidudu vya kisonono, na vya klamidia yenye mara nyingi haiumi hata kidogo, vinapanda toka njia ya mukojo mpaka murija mwembamba wenye uko nyuma ya kende (bamama munisamehe), pale mbegu zinakomalia. Murija unavimba. Ukipona vibaya, unabakia na kovu, njia inaziba. Ninyi wa Kasulo munajua shimo yenye imeporomoka: madini iko chini, pa kuitolea hakuna. Na hata njia isipoziba, uvimbe wa muda murefu unaleta usaha ndani ya shahawa, mbegu zinachoka kutembea. Matubwitubwi nayo, ikishika kijana yenye amebalehe, inaweza kushuka mpaka kende na kuziharibu.

Sitawadanganya: kovu haiyeyuki na vidonge, wala na mizizi, na mizizi ile bei yake! Tena si kila mwanaume asiyezaa aliugua. Wengine munganga hapati sababu. Lakini maambukizo yanatibika kama dawa ni ya kweli, imemalizwa, na bibi na bwana wametibiwa pamoja. Kisha mungoje miezi mitatu mbele ya kupima tena, juu mbegu mupya inaomba karibu siku 74 kutengenezwa.

Kasha yetu inalipia vipimo vya bamama tu. Naomba komite ilipie na cha bwana, na kianze yeye: ni chepesi kuliko vile mama anapitia.

Huyu bwana alipima mwezi uliopita. Mbegu ziko, chache, na usaha mwingi. Wote wawili wameanza dawa. Mama alirudi nyumbani Jumapili, na ni mama mukwe aliyeenda kumubebea mizigo.