Mtoto Anayeweweseka na Kutembea Usingizini: Mlango Kwanza

Mazungumzo ya afya kwa wazazi na walezi wa Salaita



Saa nne usiku, mtoto wa miaka minne anaketi ghafla kitandani na kupiga mayowe. Macho yamemtoka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio. Mama akimshika, anamsukuma kana kwamba hamjui. Baada ya dakika chache anajilaza tena, na asubuhi anaomba uji bila kukumbuka lolote. Mtoto mwingine hapigi kelele. Anainuka, anafungua mlango na kutoka nje, naye bado amelala.

Hali hizi mbili ni ndugu. Hutokea katika usingizi mzito, mara nyingi saa moja hadi tatu baada ya mtoto kulala. Mwili huamka nusu, lakini fahamu na kumbukumbu hubaki usingizini. Mara nyingi hali hii hupatikana katika ukoo: ukiuliza vizuri, baba au shangazi naye alikuwa hivyo utotoni. Wengi huiacha wenyewe wanapokua. Mtoto hajarogwa, hana jini, wala si mtundu. Kumchapa ni kumwadhibu kwa jambo asilolijua.

Jinamizi ni kitu kingine. Huja zaidi kuelekea alfajiri, na mtoto huamka kabisa, akasimulia alichoota na kutaka kukumbatiwa. Huyo akumbatiwe. Anayeweweseka hahitaji kutikiswa, kumwagiwa maji wala kuulizwa maswali, kwa maana hayo humzidishia vurugu. Mzazi akae karibu, azungumze kwa sauti ya chini, na amzuie tu asijiumize. Anayetembea ashikwe bega taratibu na kuelekezwa kitandani. Si kweli kwamba akiamshwa atakufa au kupata wazimu. Atashtuka na kuchanganyikiwa tu. Kukipambazuka, asichekwe wala kusimuliwa mbele ya wenzake.

Hatari kubwa si mayowe. Hatari ni mahali miguu itakapompeleka. Salaita iko kando ya barabara kuu ya Voi–Taveta, ambako malori hupita usiku, na Hifadhi ya Tsavo Magharibi iko karibu. Mtu mzima mwenye tochi huogopa kukutana na ndovu gizani, seuze mtoto aliyelala. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mlango:

• Komeo liwekwe juu, mtoto asipolifikia. Lakini asifungiwe chumbani peke yake, na kila mtu mzima nyumbani ajue namna ya kufungua haraka moto ukitokea.

• Kengele ya mbuzi au mkebe wenye vijiwe uning'inizwe mlangoni, ili mlango ukisukumwa wenye nyumba wasikie.

• Mtoto alale chini, kwenye godoro au kitanda kifupi, si kitanda cha juu. Chandarua kiendelee kutumika, na kichomekwe upya kila anaporudishwa kulala.

• Kibatari na jiko vizimwe. Panga, jembe na shoka viwekwe mbali. Tangi, kisima na ndoo za maji vifunikwe.

• Akienda kulala kwa nyanya au kwa jirani, wenyeji waambiwe mapema. Shule ya bweni nayo iambiwe.

Kazi ya pili ni usingizi wenyewe. Uchovu ndio kichocheo kikubwa. Mtoto aliyekesha matangani au harusini, aliyesafiri usiku, au anayelala saa nne na kuamshwa saa kumi na moja kwenda shule, huweweseka zaidi. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Alale saa ileile kila siku, akojoe kwanza, na simu na televisheni zizimwe mapema.

Kama hali hutokea karibu saa ileile kila usiku, mzazi anaweza kumwamsha mtoto polepole robo saa hadi nusu saa kabla, akae macho dakika chache, kisha alale tena. Hufanywa hivyo kila usiku kwa wiki mbili hadi nne, na watoto wengi hupata nafuu.

Kuna wakati wa kutosubiri. Taveta ina malaria, na homa pia humfanya mtoto kuweweseka. Kila anayeweweseka aguswe mwili: akiwa na joto, apelekwe kupimwa bila kuchelewa. Akikakamaa, akitetemeka viungo, akitoa povu, au asipozinduka, hiyo inaweza kuwa degedege au kifafa. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mara moja, awe na homa au asiwe nayo.

Mtoto anayekoroma sana na kukatika pumzi, anayeweweseka mara kadhaa kwa usiku mmoja, anayesinzia mchana kutwa, au aliyeanza hali hii baada ya kuumizwa au kuogofywa, naye apelekwe kwa daktari. Mzazi akiweza, ampige video kwa simu; dakika moja ya video humsaidia daktari kuliko maelezo mengi. Pa kuanzia ni mhamasishaji wa afya ya jamii anayezuru nyumba za kijiji, kisha zahanati au Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Taveta. Ikibidi, mtoto hupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, Voi.

Komeo ni la bei ndogo. Nyumba yenye mtoto anayetembea usingizini ilitie leo kabla ya jua kuzama.