Mbuzi mwenye mimba analala wapi?



Leo tuangalie pale chini, mahali mbuzi wenye mimba wanapolala. Malisho tunayatafuta na kupe tunawaogesha, lakini mbuzi akirudi jioni hukaa zizini hadi asubuhi. Kama pale chini pana tope, utanunua dawa kila masika na ugonjwa hautaisha.

Mbuzi hubeba mimba miezi 5. Miezi 2 ya mwisho ndipo mtoto hukua haraka na mama huwa mzito. Mbuzi hapendi kulala kwenye maji. Zizi likiloa, husimama usiku kucha, hapumziki wala hacheui vizuri. Mambo haya hufuata:

1. Kwato hulainika, huchanika na kuoza. Mbuzi anayechechemea hafiki malishoni, naye anakula kwa ajili ya wawili.
2. Kiwele kinacholala kwenye kinyesi huingiwa na vijidudu kupitia chuchu. Anazaa, lakini maziwa yana mabonge au damu, na mtoto anakosa maziwa ya kwanza.
3. Mkojo uliotuama hutoa harufu kali inayochoma macho na kuumiza mapafu.
4. Mtoto akizaliwa topeni, uchafu huingia kupitia kitovu kibichi. Baadaye viungo huvimba, na wengi hufa.

Hayo yote yanapunguzwa bila saruji. Fanyeni hivi:

Chagueni mahali penye mteremko kidogo, na chimbeni mfereji upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni. Ondoeni samadi mara kwa mara, hasa kabla ya masika. Kama mnahamahama, hamisheni zizi kabla halijawa tope.

Watengeni wenye mimba kubwa. Wakibanana na beberu na wenye pembe ndefu hupigwa tumboni. Hao wachache wajengeeni kichanja cha fito chini ya paa, mita 1 hivi kutoka ardhini, ili kinyesi kidondoke na mtu aweze kukifagua. Nafasi kati ya fito iwe sentimita 1.5 hivi, kama upana wa kidole kidogo. Ikizidi, mguu huzama na kuvunjika. Ikipungua, kinyesi huganda juu. Ngazi isiwe ya mwinuko mkali, na ipigiliwe vijiti vya kukanyagia. Anapokaribia kuzaa, tandikeni majani makavu ili mtoto asizamishe miguu, kisha yabadilisheni yakiloa. Mtoto akizaliwa, pakeni kitovu dawa ya aidini mara moja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tope peke yake si chanzo cha mbuzi wengi kutupa mimba. Mara nyingi ni ugonjwa, kama brusela, na vijidudu vyake huishi muda mrefu zaidi penye unyevu na kivuli. Brusela humpata binadamu pia: homa inayokuja na kuondoka, maumivu ya viungo, na mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Kwa hiyo mbuzi akitupa, msishike kitoto wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mjamzito na watoto wakae mbali kabisa. Fukieni chini sana au chomeni, mbwa wasipate. Mtengeni mbuzi huyo, ondoeni matandiko aliyolalia, na mwiteni mtaalamu wa mifugo. Maziwa yachemsheni, hata kama ni ya mbuzi anayeonekana mzima.

Kazi ya leo ni ndogo. Kabla mifugo haijarudi jioni, ingia zizini, piga goti mahali mbuzi wako anapolala, hesabu hadi 20, kisha inuka utazame goti. Likiwa limeloa, na kiwele kitaloa usiku mzima. Anza kuondoa samadi kesho asubuhi.