Simu ya Mama, Macho ya Mtoto

Tangu Desemba 10, 2025, Australia imezuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii kama TikTok, Instagram na Facebook. Adhabu haimwangukii mtoto wala mzazi, bali kampuni: faini inayoweza kufika dola milioni 49.5 za huko. Hapo wamelenga penyewe.

Lakini sheria kama hiyo ikija kwetu Tanzania, itamkuta mtoto gani? Mwanafunzi wa darasa la tatu pale Mbagala hana akaunti. Ana simu ya mama yake, aliyopewa atulie wakati ugali unasongwa. Kwa kumbukumbu za kampuni, anayetazama ni mtu mzima. Mtoto anaanza na katuni. Ikiisha, video nyingine inajiwasha yenyewe, kisha nyingine, na mama bado yuko jikoni.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania inaharamisha ponografia ya watoto. Hiyo ni ya kumsaka mhalifu. Haizimi video sebuleni. Na tusidanganyane, ukimnyang'anya mtoto simu ataikuta kwa jirani.

Mzazi, fungua mipangilio ya YouTube leo, zima kipengele cha video kujiwasha zenyewe, washa kizuizi cha maudhui ya watu wazima. Kisha muulize mwanao ameona nini, bila kushika fimbo. Akikwambia kuna mtu anamtumia picha chafu, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto. Haina malipo.