Ukisimamishwa na Askari Barabarani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Mombasa)



Katibu alipotangaza kwamba leo nitasema habari za askari wa trafiki, wako waliocheka. Walisema, chama ni cha mishahara na nyumba na malipo ya uzeeni, sasa helmeti na leseni zinatuhusu nini? Nawajibu hivi. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni kwa kosa dogo la barabarani, akarudi kazini Jumanne, amekwisha poteza malipo yake, na juu ya hayo anaikuta barua ya onyo inamngoja. Barua ile ataileta kwa nani? Ataileta hapa hapa chamani. Basi tuzungumze kabla ya barua kuandikwa.

Na jambo hili limezidi kutugusa. Tangu mwaka 2017, treni za abiria za reli mpya zinapofika mwisho Miritini, nje ya kisiwa, mfanya kazi anayekaa Majengo au Mji wa Kale hana budi kuvuka Makupa kwenda na kurudi. Huyu kapanda pikipiki yake, huyu tuktuk, huyu kajibana katika matatu. Katika safari ile moja aweza kukutana na askari mara mbili au tatu.

Sisi watu wa reli tumelelewa katika kanuni isiyo na hiari. Ishara ikiwa nyekundu treni husimama, hata kama dereva ni mjomba wake stesheni masta. Kwenye njia moja ya zamani, dereva hakutoka stesheni mpaka ashike tokeni mkononi, na bila tokeni hakuna maneno. Barabarani mambo si hivyo. Sheria ya Barabara, Sura 403, ambayo asili yake ni ya mwaka 1953, yampa askari mwenye sare uwezo wa kukusimamisha na kukukagua. Lakini baada ya kukusimamisha aweza kukuonya tu ukaenda zako, aweza kukuandikia hati, na aweza kukupeleka kituoni. Yeye ndiye achaguaye, pale pale juani, kwa akili yake na kwa hali ya moyo wake siku ile.

Wako wanaosema hiari hii ingefutwa kabisa. Mimi sikubaliani nao. Nendeni Ndia Kuu saa nne asubuhi mkatazame. Njia ile ilijengwa kwa watu na punda, magari mawili hayapishani. Hapo pana mkokoteni wa maji umejaa madumu, pana tuktuk imeleta mgonjwa, pana gari la bwana mmoja aliyesimama kununua tambi, na nyuma yake watoto wanatoka chuoni. Ukitaka kuhesabu makosa ya sheria mahali pale, utajaza kitabu kabla ya adhuhuri. Askari mwenye busara hatoi kitabu. Humwambia mwenye gari arudi nyuma kidogo, humsaidia hamali kuusukuma mkokoteni mpaka penye nafasi, na wazee walioketi barazani humalizia kazi iliyobaki kwa kumtahayarisha yule bwana wa tambi. Sheria ikishikwa kwa ukali wote saa ile, nyumba nyingi hazitapata maji ya kupikia. Hiari ya namna hii ni rehema, na asiyeijua hajapata kusukuma mkokoteni.

Lakini mlango ule ule unaoingiza rehema ndio unaoingiza chai. Askari aliye na uwezo wa kukusamehe ana uwezo pia wa kukuuzia msamaha. Nasi tumeuzoea uwezo huo wa pili kuliko ule wa kwanza, nao una historia ndefu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika sana baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukua kipande chake ndani ya kibweta cha bati shingoni, na askari yeyote aliweza kumsimamisha njiani akidai kukiona. Aliyekuwa nacho alipita, aliyekisahau nyumbani alitozwa faini au alifungwa. Babu zetu walijifunza namna mbili za kukutana na askari: kutetemeka mbele yake, au kumtukana akiisha geuka. Kipande cha shingoni kilikwisha zamani, lakini namna zile mbili naziona kila siku pale Mwembe Tayari.

Nitawapa mfano. Mwenzetu mmoja, fundi, jina lake silitaji wala kituo sikitaji, alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki yake Ijumaa jioni. Helmeti alikuwa nayo, lakini ameitundika kwenye kioo cha pikipiki, kama wafanyavyo wengi kwa ajili ya joto la Mombasa. Askari akamsimamisha, akamwuliza, "Hii helmeti umeivisha kioo?" Watu waliokuwa wakingoja matatu wakacheka. Askari alikosa hapo. Kosa la barabarani halimpi mtu ruhusa ya kumfanyia mzaha mtu mzima mbele ya vijana. Fundi naye, badala ya kumeza mate, akajibu, "Wewe umekwisha shiba za wenye matatu, kwangu wataka nini?" Mara watu wakakusanyika. Makanga mmoja akapiga kelele, "Mwambie ukweli baba!" Mwingine akaushika mkono wa pikipiki isipelekwe.

Sasa mfikirieni askari yule. Dakika mbili nyuma pengine angesema, vaa helmeti yako uende. Mbele ya umati ule hakuweza tena kusema hivyo, maana angeonekana ameshindwa. Fundi alilala kituoni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mkewe alikwenda Jumamosi na pesa za dhamana, akaambiwa mkubwa mwenye vitabu hayupo. Jumatatu mahakamani habari ya helmeti haikutajwa kabisa. Shitaka lililosomwa ni la kumzuia askari kufanya kazi yake. Na yule makanga aliyesema "mwambie ukweli baba" hakuonekana mahakamani, wala hakuleta hata chai ya asubuhi.

Nataka mlielewe vizuri jambo hili la Ijumaa, maana wengi husema "masaa ishirini na nne" bila kujua mwisho wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Lakini yaendelea kusema kwamba saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi ni mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo wa Ijumaa jioni aweza kuwekwa mpaka Jumatatu na sheria isivunjwe. Kifungu hicho hicho, lakini, kina maneno mengine yatufaayo zaidi. Chasema uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa kwako. Chasema unayo haki ya kunyamaza. Chasema uachiwe kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa kuna sababu nzito ya kukuzuia. Na chasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita.

Yatazameni maneno hayo ya mwisho. Mengi ya makosa madogo yamo ndani ya ulinzi huo. Lakini kumzuia askari kwa nguvu au kwa makusudi ni kosa la Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake chapita miezi sita kwa mbali. Yaani mtu anayepayuka na kuvutana anautoka mwenyewe ulinzi ambao Katiba imempa. Mimi sisemi tuwe wanyonge. Nasema anayetaka kushindana na askari ashindane mahali penye karani anayeandika.

Tena iko njia nyingine isiyofika kituoni. Mwaka 2016 zilitolewa Kanuni za Makosa Madogo ya Barabarani. Askari aliruhusiwa kukupa hati yenye kosa lako na faini yake, nawe ukikubali unalipa, ukikataa unakwenda kujitetea mahakamani. Katika orodha ile, kutofunga mkanda kuliwekewa shilingi 500, mwendesha pikipiki asiye na vazi la kujikinga shilingi 1,000, na anayepitisha gari kwenye njia ya waendao kwa miguu shilingi 5,000. Faini ya juu kabisa ilikuwa shilingi 10,000. Mtu akikuambia pale barabarani kwamba mkanda wako ni wa elfu ishirini, lakini kwa elfu mbili mambo yataisha, basi jua unafanyiwa biashara.

Hapo najua mtaninung'unikia. Mwenye tuktuk atasema, "Ndugu yangu, mia moja ni rahisi kuliko mahakama, nami nina watoto." Namwelewa, tena simcheki. Lakini tufanye hesabu. Mia moja kwa siku, siku sita kwa juma, majuma 52, ni shilingi 31,200 kwa mwaka. Hizo ni helmeti ngapi? Ni matairi mangapi? Tena hununui usalama wowote kwa pesa ile. Unanunua jana tu, kesho utadaiwa tena, na taa ya tuktuk yako bado imekufa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Rushwa ya 2016 haitofautishi mtoaji na mpokeaji. Wote wawili waweza kufungwa mpaka miaka kumi, au kutozwa mpaka shilingi milioni tano. Askari wa trafiki walipohojiwa na Tume ya Polisi mwaka 2016, waliulizwa hata juu ya pesa zilizoingia katika simu zao. Aliyezituma naye ana jina katika simu ile.

Basi ukisimamishwa, zima mota. Msalimu, maana salamu haikushushii cheo. Mtazame kifuani: sheria ya polisi ya mwaka 2011 inataka askari mwenye sare avae jina au namba mahali panapoonekana. Isome kimoyomoyo, huna haja ya kuitangaza kwa wapita njia. Uliza kosa lako ni lipi. Kama umekosa, sema hivyo kwa maneno machache, na kama anaweza kukuonya mwombe akuonye. Kuomba radhi si rushwa, na huko ndiko kuiita ile hiari nzuri niliyoisema. Asipokubali, omba hati. Ukipelekwa kituoni, uliza habari yako imeandikwa katika kitabu cha OB kwa namba gani, na ukitoa pesa za dhamana shika risiti. Pesa isiyo na risiti si dhamana, hata ikihesabiwa juu ya meza ya serikali.

Nasi wapita njia tuna kazi yetu. Anayetaka kumsaidia mwenzake asimame kando, aandike saa, mahali, namba ya askari na namba ya gari, kisha apige simu kwa mtu wa nyumbani. Shahidi mmoja aliyenyamaza na kuandika anafaa kuliko wapiga kelele hamsini. Wazee wa bandari na reli walijua hivyo. Mgomo wa Mombasa ulipoanza tarehe 13 Januari 1947, watu kama 15,000 waliweka kazi chini, wakakutana kila siku Majengo, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Serikali iliwachukia, lakini mgomo ule kwa jumla ulipita kwa utulivu, na kwa hiyo ilibidi madai yao yasikilizwe.

Na neno moja juu ya askari mwenyewe, msije mkasema nimemsahau. Yule ni mfanya kazi. Anasimama penye moshi wa malori tangu alfajiri, anahamishwa akiwa watoto wako katikati ya mwaka wa shule, na sheria imemkataza kujiunga na chama cha wafanya kazi. Sisi tukionewa tuna mahali kama hapa pa kusemea, yeye hana. Hiyo haimpi haki ya kula jasho letu, na akionea, iko Mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo hupokea malalamiko ya raia. Ndiyo maana nawasihi mshike namba ya kifuani. Malalamiko ya "askari mmoja mrefu wa Makupa" hayafiki popote.

Bwana Mwenyekiti, naleta hoja. Tawi lianzishe mfuko wa dhamana, kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, na Mtunza Hazina aandike daftari lake mbali na daftari la michango. Mfuko huu usilipe faini ya mtu, maana faini ni mzigo wa mkosaji. Ulipe dhamana tu, na kesi ikiisha pesa irudi mfukoni kwa risiti ile ile. Aliyekamatwa akiendesha hali amelewa asisaidiwe. Tena wachaguliwe wanachama wawili, simu zao zibandikwe kwenye ubao, ili mke wa mwanachama asisimame peke yake mlangoni mwa kituo siku ya Jumamosi. Wawili hao waanze kazi Ijumaa ijayo.

Naomba mwenzangu mmoja aiunge mkono hoja hii, kisha Mwenyekiti awaulize wanachama.