Vipimo vya Nyumba ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kadiri, akaweka mizani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninakuusieni, nami najiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani, leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani halina nafasi juu ya mimbari, nalo ni ununuzi wa saruji, mchanga na nondo. Mja hujinyima miaka mingi ili awasitiri watoto wake. Lakini ifikapo siku ya kununua vifaa, humwendea mwenye bei ya chini kuliko wote, hapimi wala haandiki. Nyufa zikitokea husema ni kudura. Ndugu zangu, tusiisingizie kudura uzembe wetu.

Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa jijini Dar es Salaam liliporomoka asubuhi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hatukupanda hapa kumhukumu mtu. Twataka kukumbushana tu kwamba ukuta hubeba roho za watu, na kwamba anayeuza kifaa cha kujengea na anayekinunua wote wawili wataulizwa.

Amesimulia Imamu Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita sokoni penye lundo la chakula, akautia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka juu ule uliolowa ili watu wauone, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Basi muuzaji ajifunze hapa kuidhihirisha aibu ya bidhaa yake. Na mnunuzi ajifunze kuutia mkono ndani ya lundo, wala asidhani kuwa kukagua ni kumdhania mtu ubaya.

Na lundo letu leo ni hili. Saruji hunyonya unyevu wa hewa, hasa huku kwetu pwani. Ukiuona mfuko umeshika mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, urudishe. Mchanga utie katika chupa nyeupe, jaza maji, tikisa, uache mpaka kesho. Udongo utatuama juu ya mchanga, na tabaka lake likiwa nene, mchanga huo haufai mpaka uoshwe. Ama mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege kimya kimya. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa kilo 10 na zaidi ya nusu. Ukiuziwa ya milimita 10 kwa jina la 12, umepunjwa karibu theluthi ya chuma, na jicho huenda lisitambue, mizani itatambua. Na lori la mchanga lipime urefu, upana na kina kabla halijamwagwa, kwani neno "lori moja" si kipimo.

Kuwapunja watu vipimo ndiko kulikowaangamiza watu wa Madyan, walipomkadhibisha Nabii Shuaib, amani imfikie. Na Sura nzima ya Qurani, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la wapunjaji.

Ndugu Waislamu, wengi wetu hutanguliza fedha, vifaa vikaja baadaye. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa. Hakuwakataza, bali aliwaamrisha iwe kwa kipimo kinachojulikana, na uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Na aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo. Basi andikeni aina ya kifaa, idadi, bei, siku ya kuletwa, na nani atabeba gharama ya kukifikisha. Karatasi haivunji udugu. Unaouvunja ni ugomvi wa watu wawili ambao kila mmoja anakumbuka lake.

Katika kuchagua muuzaji, waulize waliojenga kabla yako: je, alipoletewa malalamiko alikibadilisha kifaa kibovu, au alificha uso? Sheria yetu imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Na wewe fundi, mwenye nyumba amekufanya wakili wake. Ukimpeleka katika duka fulani kwa ajili ya kile waitacho watu "cha juu", naye hajui, umeihini amana yake.

Na mnunuzi naye ana wajibu. Mwenye uwezo akichelewesha deni, Mtume ameuita ucheleweshaji huo dhuluma. Mwenye duka amekuamini, naye ana watoto kama wewe. Usikatae mzigo uliokubaliana nao kwa kuwa umepata wa bei nafuu kwingine, wala usimsingizie ubovu ili akupunguzie.

Enyi vijana wanafunzi, kesho nyinyi ndio wahandisi na wafanyabiashara. Jueni kwamba mizani iliyo dukani ni ibada kama saumu ilivyo ibada.

Ewe Mola wetu, zibariki nyumba zetu, utujaalie riziki ya halali, na uwarehemu waliokufa chini ya majengo yaliyoporomoka. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Basi mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.