"Rudi Jumanne": Kwa Nini Watoto wa Familia Zilizokimbia Vita Wanakosa Chanjo Lubumbashi

Ndugu waganga, wauguzi, na ninyi marelé wa jamii mnaotembea avenyu kwa avenyu,

Kila mtoto anapokosa chanjo, katika vikao vyetu lawama humwangukia mama: hajahamasishwa. Mimi naona tumlaumu kidogo zaidi yule anayemrudisha mlangoni.

Familia ninazozisema ni zilizokimbia vita vya Kasaï tangu 2016, zilizotoka Mitwaba na Pweto wakati wa uasi wa Bakata Katanga, na zinazorudi kutoka Zambia, ambako makazi ya Mantapala yalifunguliwa 2018. Mjini hapa nyingi hazikai kambini. Zinapanga chumba Katuba, Ruashi au pembeni kabisa mwa Annexe, au zinalala kwa jamaa. Dozi nazo huagizwa kwa kukadiria idadi ya wakaaji, katika nchi iliyofanya sensa yake ya mwisho 1984. Aliyefika mwezi uliopita hayumo katika hesabu hiyo.

Halafu kuna kichupa. Chanjo ya surua huja dozi 10 kwa kichupa kimoja, na ikishachanganywa haipiti saa 6. Muuguzi akiona watoto wawili tu kwenye benchi, anaogopa kuulizwa habari za dozi 8 zitakazomwagwa. "Mama, rudi Jumanne." Mama mwenyeji atarudi. Huyu aliyekimbia vita, Jumanne anafua nguo za watu, na pengine mwenye nyumba ameshamtoa kwenye kile chumba. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Anayelilia dozi 8 akumbuke surua ya 2019, iliyoua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto.

Fishi ya chanjo nayo. Anayekimbia risasi habebi makaratasi. Mtoto asiye na fishi ahesabiwe kuwa hajachanjwa, aanze leo; kurudia dozi ya surua hakumdhuru. Anayekuja na kadi ya Zambia, isomwe hata kama ni ya Kiingereza: BCG ni BCG. Chanjo ya penta haianzwi upya, huendelezwa pale ilipokatikia. Na wa miezi 18 ambaye hajawahi kudungwa asiambiwe amechelewa.

Sisemi uvumi haupo. Yako makanisa yanayokataza sindano, na yuko baba anayeuliza kwa nini dawa ya bure inamfikia upesi kuliko unga. Swali lake ni la haki. Atalijibu vizuri zaidi relé anayesema Tshiluba, aliyechaguliwa na wakimbizi wenyewe, kuliko bango la Kifaransa.

Mpango wa Mashako wa kuimarisha chanjo, uliozinduliwa 2018 na kuigusa Haut-Katanga, ulianza na udhaifu wa vituo vyenyewe: siku za chanjo zilizopangwa zisifanyike, dawa iliyokwisha bila mtu kujulishwa. Njia ilikuwa hiyo: kuanza na kituo, si na mama.

Ninawaomba waganga wakuu wa zoni za afya tusiachane kabla ya kutia sahihi waraka mmoja: mtoto wa chini ya miaka mitano asirudishwe kwa kukosa fishi, kwa umri, wala kwa sababu benchi halijajaa. Waraka huo ubandikwe kwenye mlango wa kila kituo, kwa Kiswahili na Tshiluba, ili mama naye aweze kutuonyesha.